Moshi wa majani, mama mkwe na mikoko ya Kuku Yalanji

*"Shikamoo. Mimi na mume wangu tunaishi Brisbane, huu ni mwaka wa sita. Julai mama mkwe anakuja kutoka Pangani, na mume wangu ametulipia matembezi ya nusu siku karibu na Mossman, kaskazini ya Queensland. Tutapita ufukweni na kwenye mikoko tukiongozwa na Mwaborijini, yaani mwenyeji wa asili wa Australia, wa watu wanaoitwa Kuku Yalanji. Kwenye maelezo nimeona wageni hupitishwa kwenye moshi kabla ya kuanza. Mama ni mtu wa dini sana, akisikia hivyo atasema tunampeleka kwa waganga. Mimi nina wasiwasi mwingine: naona kama tunalipa pesa kwenda kuwatazama watu, vile watalii wanavyokwenda kuwatazama Wamasai wakiruka. Tena bei si ya mchezo, na ule ufukwe ni wa bure, kila mtu anapita. Kwa nini tusitembee wenyewe? Nina mtoto wa miaka tisa anayeokota kila kombe na kuuliza kila swali, na mama ana magoti. Nishauri."*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mengi kwa mkupuo, lakini nikisoma mara ya pili naona yote yanatoka shina moja: hujui mnakwenda kule kama nani. Ukijiona mtazamaji utaona haya, na ukijiona mteja utalalamikia bei. Mimi nakushauri uende kama mgeni, yaani mtu anayeingia nyumba ya mwenzake, na hata hilo la moshi utaliona kwa jicho jingine. Nasema hivi baada ya kuongoza wageni mwambao wa Tanga kwa miaka mingi, na baada ya kuongozwa mimi mwenyewe huko mnakokwenda.

Tuanze na moshi, maana ndio utakaoleta maneno nyumbani. Unawashwa moto mdogo, juu yake yanawekwa majani mabichi, na moshi mweupe mzito unapanda. Wageni wanapita kandokando au wanauzunguka moto polepole. Mwongozaji atawaambia kwamba moshi unamsafisha mtu na aliyokuja nayo, unamjulisha kwa ardhi na kwa wazee waliotangulia, na unamkinga njiani. Nisikufiche, hilo la wazee waliotangulia limo. Kwa hiyo usimwambie mama kwamba "ni kama udi tu". Mwanamke wa Pangani anayefukiza nguo zake udi siku ya Ijumaa haogopi moshi kwa kuwa ni moshi. Atakuuliza unafukizwa kwa ajili ya nani, na ukimjibu kwa uongo akaja kugundua mbele ya moto, umeharibu siku.

Swali lake lina mwenyewe, na mwenyewe si mimi wala si yule mwongozaji. Ni sheikh anayemwamini, wa Pangani au wa msikiti wenu hapo Brisbane. Mpigieni kabla mama hajapanda ndege, mwelezeni kama nilivyoeleza hapa bila kupunguza. Ninachoweza kukuhakikishia ni upande wa adabu: hakuna anayelazimishwa kupita, wala hakuna atakayemwambia mama atamke chochote. Unapoweka nafasi unaandika mstari mmoja, kwamba katika kundi lenu kuna mzee ambaye kwa ajili ya dini yake atasimama pembeni, upande usiopepewa moshi. Wamewahi kupokea wageni wa kila imani, na wao wenyewe wengi ni Wakristo, maana misheni zilifika kule zamani. Walutheri walikuwa Bloomfield, kaskazini kidogo ya Mossman, tangu karne ya 19. Pia si kila matembezi yana moshi. Ule wa majani umezoeleka zaidi kule korongoni, Mossman Gorge, kwenye msitu. Matembezi ya ufukweni mengi huanza kwa maneno tu, miguu ikiwa tayari kwenye maji. Uliza. La kuchunga ni moja: asiyetaka asimame kimya. Kukunja uso na kunong'ona *audhubillahi* huku mwenye nyumba anakukaribisha, hilo ndilo litakalomuumiza.

Ukitaka neno moja la kumweleza mama jambo lote hili, mwambie ni hodi. Mwanao shuleni bila shaka amezoea kusikia hafla ikianza kwa maneno ya kuwatambua wenye asili wa ardhi ile. Maneno hayo anaweza kuyasema mtu yeyote, hata mwalimu aliyehamia juzi. Kukaribisha ni kitu kingine, ni haki ya mwenye ardhi peke yake. Mtu wa Brisbane hawezi kukukaribisha Mossman, hata kama na yeye ni Mwaborijini, kama vile mimi siwezi kufungua mlango wa jirani nikakwambia pita ndani. Kabla ya Waingereza kuja mwaka 1788 kulikuwa na lugha zaidi ya 250 katika bara lile, na kila watu na mipaka yao. Mgeni alikaa mpakani, akawasha moto, akangoja aonekane. Asiyengoja alijitakia.

Hapo ndipo swali lako la ufukwe wa bure linapojibiwa, na nitalijibu kwa hadithi ya kasa. Juni 1770 meli ya Kapteni James Cook iligonga mwamba, ikabururwa hadi kwenye mto ambapo leo upo mji wa Cooktown, ikakaa pale wiki karibu saba ikitengenezwa. Ile ni ardhi ya Guugu Yimithirr, majirani wa kaskazini wa hao mnaokwenda kwao. Mabaharia walivua kasa zaidi ya kumi, wakawapanga sitahani. Wenyeji walipopanda melini wakaomba angalau mmoja, wakanyimwa. Walishuka kwa hasira, wakawasha nyasi kuzunguka kambi, Cook akafyatua bunduki na mtu mmoja akajeruhiwa. Kisha akatokea mzee mmoja ameshika mkuki usio na ncha, wakazungumza, wakapatana. Cook mwenyewe aliyaandika haya kwenye kumbukumbu zake. Kwa mabaharia, kasa alikuwa wa bahari, na bahari haina mwenyewe. Kwa wenyeji, mgeni aliyeingia bila hodi alikuwa amejaza kitoweo cha nyumba nzima, kisha anamnyima mwenye nyumba kipande.

Sheria ya Australia ilichelewa sana kuelewa hilo. Mpaka tarehe 3 Juni 1992, Mahakama Kuu ilipoamua kesi ya Eddie Mabo, mwenyeji wa visiwa vya Torres Strait, ndipo ilipokubalika kwamba ardhi ilikuwa na wenyewe kabla ya Mwingereza. Kuku Yalanji wa Mashariki walitambuliwa haki zao mahakamani mwaka 2007, na Septemba 2021 wakarudishiwa zaidi ya hekta 160,000, msitu wa Daintree ukiwamo. Kwa hiyo ndiyo, mnaweza kutembea wenyewe. Ufukwe ni wa umma na njia nyingi za hifadhi zina vibao vizuri vya kusoma. Ila ziko sehemu ambazo wenyewe wanaomba zisikanyagwe, na mkitaka kujua ni zipi, chombo chao kinachosimamia ardhi kinaitwa Jabalbina, waulizeni. Na nikupe tahadhari ya mtu aliyejaribu: bila mwongozaji mtaona tope, mti, tope, mti, kisha mtarudi hotelini.

Mimi nilipelekwa kwenye tope lile na kijana mmoja, pekupeku, kaptula imelowa, simu mfukoni. Tulipoingia mikokoni akachuma jani la mti ambao ningeutambua gizani, akanipa nilirambe chini yake. Nikamwambia sina haja, huu kwetu ni mchu, na jani lake lina chumvi kwa sababu mti unakunywa maji ya bahari na kuitema chumvi kwa majani. Akacheka sana. Kuanzia hapo hakuniongoza tena kama mtalii. Tulikuwa watu wawili wa pwani tunalinganisha. Ananionyesha shimo, namwambia huyu kaa ametoka, angalia tope la mdomoni bado bichi. Ananiambia hapana, tope bichi ni kwa sababu amerudi. Akaingiza fimbo na kaa akaigonga kutoka ndani, *ko*. Nilisikia kwenye kiganja alipoachia niishike. Sijawahi kubishana tena na mtu kuhusu shimo la nyumbani kwake.

Mama mkwe wako ataona hayo kuliko mtu mwingine yeyote katika kundi. Kaa yule mkubwa wa mikokoni ni aina ileile ya kwetu, na mchu ni mchu uleule. Bamvua na maji mafu wanayajua kama anavyoyajua yeye. Kuna neno moja litakalomchekesha: ardhi, kwa lugha ya Kuku Yalanji, inaitwa *bubu*. Na bahari ni *jalun*. Mwache aulize, wewe tafsiri.

Sasa hili la kutazama watu kama Wamasai wakiruka. Sikubezi; nimeona maigizo ya aina hiyo huku kwetu, nimeyaona na kwao, ambako anayepakwa rangi ni mwajiriwa wa siku na anayehesabu pesa hata lugha haijui. Tofauti iko kwenye umiliki, na hiyo inaulizika. Uliza kampuni: nani mwenye biashara, mwongozaji ni mtu wa ardhi ile au ametoka kwingine, na wazee wamekubali hadithi zipi zisimuliwe. Anayekuzungusha kwenye swali la kwanza, achana naye. Lipo pia shirika la Supply Nation ambalo lina orodha ya biashara zinazomilikiwa na Wenyeji wa Kwanza kwa angalau nusu, na huwa linakagua. Kutokuwamo si kosa, familia ndogo nyingine hazijisumbui na makaratasi, lakini kuwamo ni dalili nzuri. Kuhusu bei, kumbuka kundi ni dogo, kuna bima, kuna gari, na kuna miezi ya masika ambayo hakuna mtu. Desemba 2023 kimbunga Jasper kilileta mafuriko makubwa ukanda ule. Nusu siku ile inabeba na siku ambazo hukuja. Lakini kama bei itawafanya mkope, msiende.

Tena utashangaa jinsi mwongozaji asivyofanana na picha uliyonayo. Atakuja na pikapu na miwani ya jua. Huenda rangi yake ikawa nyeupe kuliko ulivyotegemea, na hapa naomba uzungumze na mtoto na mama kabla: asiulizwe mtu kama ni "halisi", wala ana nusu au robo ngapi. Serikali za kule zilitumia hesabu hizohizo kuchukua watoto kwa mama zao, kwa miongo mingi, hadi miaka ya 1970. Bunge liliomba radhi tarehe 13 Februari 2008. Familia nyingi zina mtu aliyechukuliwa, au bibi aliyemficha mtoto vichakani. Mwongozaji akilifungua, sikilizeni, asipolifungua, msimchokonoe. Neno Waaborijini kwa Kiswahili halina kisirani chake, ila Kiingereza chake cha zamani, *Aborigine*, kinawakera wengi. Sema Kuku Yalanji, utakuwa salama na utakuwa sahihi.

Kuna jambo litakalowaudhi msipojiandaa: mtauliza na hamtajibiwa. Mtoto atauliza mchoro ule maana yake nini, na mwongozaji atasema, "Hiyo siwezi." Watalii wengi hudhani anaficha ili aonekane wa ajabu, au hajui. Sivyo. Kule maarifa yana wenyewe, kama ardhi. Hadithi ya mahali fulani ni ya ukoo fulani, na mwingine akiisimulia ameiba. Ile ya kasa niliyokupa, mtu wa Mossman pengine asiiguse, ni ya majirani. Kuna mambo ya wanaume, kuna mambo ya wanawake, na kuna ya watu waliofikia umri. Wewe umetoka mwambao, hili halikuhitaji mhadhara: kungwi hasomeshi barazani, na hakuna aliyewahi kumwita kungwi mchoyo kwa sababu ya unyago. Ukisikia "siwezi", jua uko na mtu wa kweli. Mwenye kujibu kila kitu ndiye wa kumtilia shaka.

Picha, omba kila mara, hata ya mti. Ukishapewa ruhusa ya kupiga, omba tena kama unataka kuweka mtandaoni. Jamii nyingi hawataji jina la marehemu wala hawaonyeshi picha yake kwa muda, na picha yako ya leo inaweza kuwa ya marehemu kesho.

Mtoto na makombe, hapo uwe mkali. Yale marundo ya makombe mnayoweza kuyaona kwenye ukingo wa ufukwe, yamechomoza kwenye mchanga kama ukuta uliobomoka, ni mabaki ya milo ya watu tangu zamani, mengine ya maelfu ya miaka, na kwa sheria ya Queensland ya mwaka 2003 ni urithi unaolindwa. Kombe moja mfukoni ni ukurasa umechanwa. Kwa kombe la kawaida la majini pia, asubiri mwongozaji amwambie. Na popote mtakapotembea Australia, mkiona mfupa unaofanana na wa mtu, msiuguse, piteni mbali na mwite polisi.

Mpe mtoto kazi nyingine: abebe hadithi ya kubadilishana. Mwaka 1944 askari mmoja wa jeshi la anga, aliyekuwa kwenye visiwa vya Wessel huko Northern Territory, aliokota sarafu tisa mchangani. Nne zilikuwa za Kiholanzi. Tano zilikuwa za shaba, za masultani wa Kilwa. Ndiyo, Kilwa yetu. Sarafu haisemi imeletwa na nani, kwa hiyo asije mtu akakwambia Waswahili waliigundua Australia, lakini zipo. Ile ni ardhi ya Yolngu, mbali sana na Mossman. Na kwa hao Yolngu, mabaharia Waislamu kutoka Makassar, Indonesia ya leo, walikuja kila mwaka na upepo kuvua jongoo bahari, hadi 1907, wakaacha maneno yao kwenye lugha ya pale. Mama akisikia hilo, nadhani hata mazungumzo ya moshi yatapoa.

Magoti sasa. Matembezi ya tope si ya kila goti. Mguu unazama hadi kifundoni, pengine zaidi, na ni kule kuunyanyua kunakoumiza, kwa sababu tope linaunyonya na goti linajipinda kumtafuta mwenzake. Mama anayepanda ngazi kwa kushika ukuta asiingie mikokoni. Akae mchangani na mtu mmoja, au mwombe mbadilishiwe matembezi ya korongoni, ambako njia ni imara. Huko hupondwa majani fulani kwa maji kidogo hadi yatoe povu kama sabuni, hilo atalipenda. Kama goti linavimba, au linamwachia ghafla akiwa anatembea, aonwe na daktari kabla ya safari, usiniulize mimi. Viatu viwe vyepesi vyenye kubana, ndala zitabaki topeni.

Julai mmechagua vizuri. Mvua zimekwisha na msimu wa konyeza wenye sumu, ambao kwa kawaida ni Novemba hadi Mei, umepita. Mamba wa maji chumvi hawana msimu. Mkiwa na mwongozaji, fuateni mguu wake. Akisema tusimame, simameni, hata kama mtoto ameona samaki. Mkiwa peke yenu, msikae ukingoni mwa mto wala kuingia mikokoni, hata kwa dakika moja ya picha.

Na chakula: mara nyingi kinachopatikana hupikwa papo hapo, na kinachopatikana zaidi ni kaa. Nyumba nyingine za Pwani wanamla, nyingine kwa madhehebu yao hawamli, kwa hiyo mnajijua. Andika hilo kwenye mstari uleule wa moshi, na uulize kama kutakuwa na samaki au mkate na chai. Kaa jike atarudishwa majini, maana sheria ya Queensland imekataza kabisa kumchukua jike, na dume asiyefika sentimita 15 kwa upana naye haruhusiwi. Wenye ardhi wana haki zao za asili, ila haki hizo haziambukizwi kwa mgeni, msimwombe mwongozaji awakamatie wa kubeba.

Kabla hujampigia mama simu, wapigie wao kwanza uwaulize siku hiyo maji yanakupwa saa ngapi. Wakikwambia saa saba mchana, omba muanze mapema kidogo au mpate nafasi ya kuswali mchangani kabla ya kushuka; mwambie mama aje na kanga ya zamani ya kutandika, na nyingine kavu ya kubadili, kwa sababu hiyo ya kwanza haitarudi na rangi yake.